Kabla au Baada

Rwekaza Kahigwa alikuwa akiwafundisha walimu watarajiwa namna ya kutambua hoja mbovu. Alikuwa mkufunzi katika chuo kimoja upande wa Butimba, na kila muhula ulipoanza aliwaambia wanachuo wake waweke vitabu pembeni wakasikilize watu: kwenye foleni ya maji, kwenye vibanda vya kahawa, kwenye vikao vya harusi. "Nileteeni hoja moja tu mliyoisikia wiki hii," aliwaambia, "halafu tuipasue tuone ndani kuna nini." Wakamletea. Mmoja alimsikia mama mmoja sokoni Mabatini akikataza nyanya za kijana fulani zisinunuliwe kwa sababu baba yake alikuwa mlevi. Mwingine alimsikia dereva akidai gari limeharibika kwa mkosi wa abiria fulani, maana lilikuwa zima mpaka alipopanda. Darasa lilicheka, na Rwekaza alicheka pamoja nao, kisha akaandika ubaoni kwamba jambo kutangulia jingine si ushahidi kuwa limelisababisha.

Nyumbani Pasiansi tabia hiyo ilimfuata. Shemeji yake alipokuja kulalamika kuhusu mambo ya kifamilia, Rwekaza alimsikiliza mpaka mwisho, akamwonyesha pale maneno yake yalipopinda, na shemeji akaondoka na hasira kubwa kuliko aliyokuja nayo. Mke wake, Dorotea, Msukuma wa Magu, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia, alimwambia wakati wanakula, wawili tu, maana binti yao alikuwa shule ya bweni: "Baba Gladness, watu hawagombani ili wasahihishwe."

"Lakini si alikosea?"

"Alikosea. Na sasa haji tena kwetu."

Dorotea alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Alipita nyumba kwa nyumba akipima watoto uzito, akiwakumbusha wajawazito kliniki, akibishana taratibu na wanaume wasiotaka kuchimba choo. Watu walimpenda vile mtu anavyompenda aliyewahi kumshikia mtoto mchanga. Selina, binti wa jirani yao Mashimba, alizaliwa ndani ya bajaji njiani kwenda zahanati, na mikono ya kwanza kumgusa ilikuwa ya Dorotea.

Mwaka huo masika yalizidi. Vyoo vya mabondeni vilijaa, uchafu ukateremka ziwani kati ya mawe. Wakati huohuo bomba likakauka. Pampu imeharibika, watu waliambiwa, itatengenezwa. Mtaa mzima ukarudi kuchota maji ziwani. Kipindupindu kilianzia kwa wachuuzi wa dagaa kwenye mwalo wa jirani, pale wavuvi wanaposhushia samaki, mwendo mfupi tu ukifuata ufukwe, na kabla habari haijafika redioni Dorotea alikuwa ameitwa ofisi ya mtaa akakabidhiwa boksi la vidonge vya kutibu maji. Unatia kidonge kwenye ndoo, unakoroga, unasubiri, ndipo unakunywa.

Asubuhi aliyoanza kugawa, alianzia kwa Mashimba. Hakuanzia pale kwa kubahatisha. Bernadeta, mke wa Mashimba, alikuwa amemwita mapema, akiwa na ufagio mkononi: Selina anaharisha tangu alfajiri, anatoa kama maji ya kuoshea mchele. Dorotea alimtazama mtoto, akaona macho yalivyozama, akabana ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Alimkorogea maji ya chumvichumvi akamnywesha kijiko kwa kijiko. Akatia kidonge kwenye ndoo ya nyumba ile ili wengine wasiugue, kisha akaenda mbio kutafuta usafiri. Lakini mvua ilikuwa imekata njia ya kushukia, bajaji isingeweza kupanda. Akambeba mtoto mgongoni. Walipofika barabara ya lami Selina alikuwa ameacha kuitika. Alikuwa na miaka minne.

Mashimba aliitwa kutoka mwaloni, alikokuwa akiunda mitumbwi. Alifika na vumbi la mbao kwenye nywele. Hakulia. Alikaa nje juu ya ndoo iliyofunikwa, akauliza jambo moja tu: "Leo amekunywa nini?"

Mtu mmoja katika wale waliojaa uani akajibu: "Kanywa dawa ya Mama Gladness."

Matanga hayajaisha, nyumba nyingine mbili zilifiwa. Zote mbili Dorotea alikuwa amezipitia, kwa sababu alikuwa amepita nyumba zote. Watu wakaanza kumwaga vidonge kwenye mitaro. Wengine walivitia kwenye moto, wakasimama kando wasivute moshi. Mwenyekiti wa mtaa, mtu asiyependa kelele, aliitisha mkutano mbele ya ofisi.

"Usiende," Rwekaza alimwambia mkewe. "Niachie mimi. Haya ndiyo mambo yangu."

"Mambo yako yapi?"

"Hoja. Hawana ushahidi wowote, nitawaonyesha mmoja baada ya mwingine."

Dorotea alikuwa akifunga kitenge. "Nakwenda. Nisipokwenda watasema nimekimbia."

Uwanja wa ofisi ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya mawe. Wa kwanza kusimama alikuwa Yeremia, mfanyabiashara wa dagaa, mwenye sauti iliyozoea kuongoza maombi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ndiye aliyechangisha sanda ya Selina.

"Ndugu zangu, mimi si daktari, nauliza tu. Kabla mama huyu hajapita na boksi lake, nani alikufa na ugonjwa huu mtaani kwetu?"

Watu wakatazamana.

"Hakuna. Akapita. Tumezika wangapi?" Watu wakaguna. "Basi, mimi nimemaliza."

Rwekaza akaomba nafasi. Aliwaamkia wazee, wakamwitikia marahaba, na kwa muda mfupi mambo yalimwendea vizuri. "Kaka Yeremia amesema mambo mawili ya kweli," alisema. "Kweli, mke wangu amepita. Kweli, tumezika. Lakini tuulizane, boksi lile lililetwa kwa nini? Si kwa sababu wenzetu wa mwalo wa pili walikuwa wameshaanza kuugua? Nyumba ikiungua zimamoto wakaja, tutasema wao ndio walioleta moto kwa kuwa tumewaona hapo?"

Baadhi wakacheka. Mzee mmoja akatikisa kichwa kukubali.

"Na kama dawa yake inaua, nyumba ya mwenyekiti aliipita. Ya Kaka Yeremia aliipita. Mbona mko hapa mnanisikiliza?"

Hapo alipaswa kukaa. Dorotea alimvuta koti. Lakini Yeremia alikuwa amenyanyua mkono: "Mwalimu, huyu ni mkeo. Ulitegemewa useme nini kingine?"

"Hapo umeiacha hoja, umenishika mimi," Rwekaza akajibu, na sauti yake ikawa ile ya darasani. "Hoja ikiwa sahihi ni sahihi hata akiisema mwizi."

"Kumbe wanakiri ni wezi!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, na kicheko kilichofuata hakikuwa kile cha mwanzo.

"Mtaa wote unasema jambo moja," akasema mwingine. "Ina maana mtaa wote ni wajinga, mwenye akili ni wewe?"

"Watu wengi kusema jambo hakulifanyi liwe kweli."

Alisema kweli, na alipomaliza kuisema aliona nyuso zikikunjamana. Hakuna aliyesikia habari ya wengi na ukweli. Walichosikia ni kwamba Mhaya wa chuoni amewaita wajinga mbele ya wafiwa. Rwekaza akatafuta kitu kizito zaidi, kitu kisichobishika, akakiona kimekaa mbele yake kwenye mkeka, kimejifunika khanga nyeusi.

"Mama Selina," alisema, "pole tena. Nakuomba useme jambo moja tu, kisha mimi nikae. Mtoto alianza kuharisha kabla Dorotea hajaja, au baada?"

Bernadeta aliinua uso. Alimtazama Dorotea, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwita asubuhi ile. Kisha akamtazama mumewe. Mashimba hakumgeukia, alikuwa akitazama ardhi kati ya miguu yake, misuli ya shingo imesimama.

"Sikumbuki," Bernadeta akasema.

"Mama Selina, ulikuja kutuita. Ulikuwa na ufagio."

"Mwacheni mfiwa!" watu wakapiga kelele. "Amefiwa bado unamhoji kama polisi?"

Ndipo Dorotea aliposimama. Alikwenda kwenye ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni pa ofisi, akatia kidonge, akakoroga kwa fimbo ya mwenyekiti, akarudi kukaa. Watu walimtazama muda wote wa kusubiri, wakinong'ona. Muda ulipotimia, alichota kikombe akanywa mpaka mwisho, akachota cha pili akakinywa nacho. Akakigeuza kikombe chini wote waone kimekwisha.

"Anajua kinga yake," kijana mmoja juu ya jiwe akasema.

Rwekaza aliruka. "Angekataa kunywa mngesemaje?"

"Tungesema anaogopa."

"Kwa hiyo akinywa ana hatia, na asipokunywa ana hatia?"

"Mwalimu," Yeremia akamjibu kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mtoto, "mwenye hatia ana hatia tu."

Mwenyekiti aliwaomba wanyooshe mikono. Ugawaji wa vidonge ukasimamishwa mpaka ukweli utakapojulikana.

Ugonjwa haukusubiri ukweli ujulikane. Mama yake Yeremia alifariki, mzee aliyekuwa akikaa barazani akichambua dagaa na kuwaita watoto wote wajukuu zake. Kwenye msiba Yeremia alisema sumu ilikuwa imebaki kwenye ndoo. Familia nzima ya wapangaji, watu wa kuja, ilibebwa kwenda kambi ya wagonjwa na aliyerudi alikuwa baba peke yake. Kila jeneza lililopita, watu waligeuka kutazama nyumba ya Rwekaza. Dorotea aliwaandalia maji safi waliokubali, nao walikuwa wachache, na walikuja kuyachukua kwa mlango wa nyuma.

Kwa mlango huohuo ndipo alipokuja Bernadeta, mchana wa jua kali, Rwekaza akiwa kazini. Alikuwa hana viatu.

"Maige ameanza," alisema. Maige alikuwa mtoto wake aliyebaki, mdogo wake Selina. "Dada, ameanza kama vile vile."

Dorotea alikuwa akimenya ndizi. Alibaki ameshika kisu. Baadaye alimweleza mumewe kwamba katika dakika ile alitaka sana kumuuliza yule mwanamke kama sasa anakumbuka. Hakuuliza. Alichukua pakiti za chumvichumvi, wakaenda. Safari hii njia ilikuwa imekauka na bodaboda ilifika hadi mlangoni. Dorotea alikaa nyuma amempakata mtoto, akimtilia maji mdomoni njia nzima, na kambini wakamtundikia dripu kabla hajazidiwa.

Maige alipona. Alirudi nyumbani akitembea, amekonda, ana njaa ya kula kila kitu.

Rwekaza alifurahi kupita kiasi. "Sasa wataona," alisema. "Ugonjwa uleule, nyumba ileile, mikono ileile. Wenye macho wataona."

Wakaona. Kwenye kibanda cha kahawa Yeremia, bado na kitambaa cha msiba mkononi, aliwauliza wenzake: "Mbona huyu kapona? Kwa sababu safari hii alitaka apone. Ina maana anaweza. Sasa kama anaweza, yule wa kwanza alimwacha kwa nini? Mama yangu alimwacha kwa nini?" Wanaume waliokuwa pale walishusha vikombe. Yalikuwa maelezo yanayotosha kila mahali. Kila aliyekufa alikuwa ushahidi, na sasa hata aliyepona.

Watu wa mtaa walimkuta Dorotea Jumapili, akitoka Misa na Rwekaza, kwenye kona ile ambapo njia inapita katikati ya mawe mawili makubwa. Hawakuwa wengi mwanzoni. Rwekaza aliwajua wote kwa majina, na ndiyo sababu alisimama badala ya kukimbia. Alianza kusema. Alisema ngojeni, alisema mwenye ushahidi autoe, alisema tuitane ofisini tukae chini. Aliyatoa maneno mazuri yaliyopangika, na huku akiyatoa alimwona Mashimba akiinama kuokota.

Jiwe la kwanza lilimpata Dorotea usoni. Baada ya hapo hakuna aliyehesabu. Rwekaza alimlalia mke wake, mkono wake ukavunjika mahali pawili, na chini yake alimsikia Dorotea akiwataja kwa majina, mmoja mmoja, kama mtu anayewaita watoto waliotawanyika. Polisi walipofika kuwachukua wawili hao, waliorusha mawe walikuwa wamekimbia; vilibaki viatu tu na kitabu cha nyimbo.

Hospitalini waliliokoa jicho moja. La kulia halikuweza kuokolewa.

Dada yake Rwekaza, Adventina, alipanda meli ya Bukoba akaja kuuguza. Alikuwa mwanamke mwema na mchapakazi. Alimwosha Dorotea, akampikia, akamsukia nywele. Siku moja, akikunja mashuka, alisema: "Nilikwambia mapema, mdogo wangu. Wasukuma ndivyo walivyo. Kwao kila kifo kina mchawi."

Dorotea, Msukuma, alikuwa amelala palepale, uso umefungwa bandeji. Rwekaza alifungua mdomo. Alijua cha kusema, angeweza kukisema usingizini: huwezi kuwachukua watu wa kona moja ukawafanya kabila zima, na aliyelala hapa ni wa kabila hilohilo. Lakini alihisi kwamba anataka maneno ya dada yake yawe kweli. Alitaka kuwa na watu wa kuwachukia wote kwa pamoja, bila kuchagua. Akanyamaza.

"Adventina," Dorotea akasema polepole kutoka kitandani, "aliyewaita polisi alikuwa Msukuma pia."

Walihama. Chuo kiliwapatia nyumba ndogo Butimba, upande wa pili wa jiji. Wiki waliyohama ndipo pampu ilipotengenezwa, maji yakatoka bombani, na kipindupindu kikaisha Pasiansi. Aliyewasaidia kupakia vyombo, jirani mmoja wa zamani, aliwapigia simu kuwaambia watu wanavyosema: amehama na ugonjwa wake. Rwekaza alikata simu kabla jirani hajamaliza.

Kesi ilisikilizwa baada ya mavuno. Washtakiwa walikuwa watatu. Yeremia hakuwamo, kwa sababu Yeremia hakuwa amerusha kitu. Siku ya hukumu Rwekaza alifika mapema akakaa kwenye benchi la nje, mkono wake bado ukimuuma wakati wa baridi. Askari walimleta Mashimba, wakamkalisha upande wa pili wa benchi lilelile kusubiri. Askari mmoja alisimama karibu akichezea simu.

Kisha Mashimba akasema, bila kugeuka: "Mwalimu. Siku ile mkutanoni nilikuelewa."

Rwekaza aliushika mkono wake ulioumia.

"Kila neno. Habari ya zimamoto, nyumba ya mwenyekiti, yote. Nilikaa pale nikaona huyu mtu anasema kweli."

"Ulinielewa," Rwekaza akasema. "Ukaelewa, ukaokota jiwe."

Mashimba alisugua viganja vyake. Bado vilikuwa na alama nyeusi za lami ya mitumbwi ambazo miezi ya mahabusu haikuzitoa. "Selina alikuwa na mimi mwaloni siku moja kabla hajaugua. Alilia kiu. Nilikuwa katikati ya kazi, sikutaka kupanda naye mpaka nyumbani. Nikachota kwa kopo, hapohapo kwenye mitumbwi. Akanywa. Akaomba tena, nikamwongeza."

Askari aliinua macho kwenye simu, akayarudisha.

"Sasa wewe unasimama unawaambia watu si dawa. Vizuri. Kama si dawa ni maji. Kama ni maji, ni nani alimpa? Kila ulipowanyamazisha wale, ulikuwa unanisogelea mimi. Mkutano mzima mimi naomba Mungu unyamaze." Akageuka kwa mara ya kwanza. "Ama yeye ama mimi, Mwalimu. Na mimi nina mtoto mwingine, natakiwa nimwangalie usoni."

"Bernadeta anajua?"

"Hajui. Alinyamaza siku ile kwa sababu yangu, lakini sababu yenyewe haijui. Usimwambie."

Mlango ukafunguliwa wakaitwa ndani. Mashimba alihukumiwa miaka saba, wenzake mitano. Bernadeta alikuwa amekaa nyuma na Maige mapajani, na hukumu iliposomwa alimziba mtoto masikio, ingawa mtoto hakuwa akielewa lolote. Alitoka bila kumtazama mtu, na baadaye wakasikia amerudi kwa wazazi wake kijijini.

Jioni ile Rwekaza alimsimulia Dorotea yote. Alikuwa amefikiri njia nzima kama amfiche, akashindwa. Dorotea alisikiliza akichagua mchele, ameinamisha kichwa upande ili jicho lake moja lione vizuri.

"Ama yeye ama mimi," akarudia. "Masikini. Na bomba je?"

"Bomba gani?"

"Lilikuwa limekauka wiki ngapi? Angempa mtoto maji gani? Waliotakiwa kutengeneza pampu hakuna aliyewataja, si yeye, si Yeremia, wala si wewe. Hata mimi sikuwataja."

Rwekaza alikaa. Miaka yote hiyo aliwafundisha wanachuo wajihadhari na mtu anayewapa njia mbili tu, na kwenye benchi mtu alimpa njia mbili, naye akazipokea bila kuuliza ya tatu, akamwacha mwenzake aende na hatia hiyo gerezani. Alisema atamwandikia. Barua hiyo aliianza mara kadhaa na hakuwahi kuituma, kwa sababu kila alipofika mahali pa kumwambia Mashimba kwamba si kosa lake, alikumbuka jiwe.

Masika yaliyofuata kipindupindu kilisikika tena, mara hii upande wa Mabatini. Watu wa afya walikuja Butimba kumwomba Dorotea arudi kazini, hata kwa muda. Alikataa. Wakamwomba basi angalau azungumze na mhudumu mpya, mjane mmoja aitwaye Odeta, mama wa makamo aliyekuwa na moyo wa kazi lakini hajawahi kugawa dawa kwenye mlipuko.

Odeta alikuja asubuhi na boksi lake, akamwamkia Rwekaza aliyekuwa dirishani akisahihisha mitihani, akakaa na Dorotea jikoni. Dorotea alimwonyesha namna ya kukoroga, namna ya kupima ngozi ya tumbo, namna ya kumnywesha mtoto anayetapika. Alieleza vizuri, bila haraka. Rwekaza alimsikia na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima akasikia sauti ya mke wake ya zamani.

"Nianzie wapi?" Odeta akauliza. "Zipo nyumba nne zina wagonjwa tayari, moja ni mtoto mdogo."

"Hizo usianzie."

"Nisianzie?"

"Anzia kwa wazima. Wanywe, waonane wao kwa wao kwamba wamekunywa na hawajafa. Nyumba yenye mgonjwa uende mwisho, na usiende peke yako."

Odeta alisita. "Lakini dada, si wenye mgonjwa ndio wanaoihitaji zaidi?"

"Ndio."

"Na wakichelewa?"

Dorotea alilifunika boksi, akalisukuma kwake. "Ukianzia kwa mgonjwa akafa, hutapata nyumba ya pili."

Kalamu ya Rwekaza ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Alijua nyumba hizo nne zitangoja. Alijua kuna mtoto katika mojawapo, na alijua kwa nini atangoja. Aligeuza kichwa kuelekea jikoni, na Dorotea, kana kwamba alimhisi, akageuza uso mzima kumtazama kwa jicho la kushoto, akingoja aseme.

Rwekaza alirudi kwenye mtihani.

"Wabeja, dada," Odeta akashukuru, akajitwisha boksi. Akatoka akiyarudia maneno kwa sauti ya chini ili asiyasahau njiani: wazima kwanza, mgonjwa mwisho.